Simu ya Bosi

Shoga, nimejifungia chooni nisije nikampiga mtu.

Si nilikwambia leo asubuhi nawafundisha wafanyakazi usalama wa kompyuta kwa vipande vya sinema? Nikawawekea kile cha mwizi anayepiga simu akijifanya bosi, anapewa neno la siri, anaikomba benki bila kuvunja hata kufuli. Nikasisitiza: neno la siri halitajwi kwenye simu, hata kwa bosi!

Mchana bosi kasahau neno la siri, kampigia katibu muhtasi amtajie. Dada wa watu akamjibu, "Mwizi mkubwa wewe, sinema yako tumeshaiona!" Akakata.

Kamkatia simu BOSI!

Tukaitwa kikaoni. Bosi kanigeukia mimi: "Ndiyo unayowafundisha haya?" Lakini yule dada alikuwa sahihi. SAHIHI!

Mhasibu, aliyekoroma somo zima, akadandia: "Bosi, mimi uliponipigia si nilikupa neno la siri palepale?"

Bosi akamkodolea macho. "Mimi? Mimi sijakupigia."

Sasa wananigongea mlango, eti niwaambie ile sinema iliishaje.