Kwa Mpangaji Aliyemfanya Mama Yangu Mchawi Kitabuni

Kaka Elia, mpangaji wetu wa chumba cha uani,

Shikamoo yako leo siitoi. Wewe ni mkubwa kwangu, na Mama alinilea kumwamkia hata mtu niliyegombana naye, lakini kwa barua hii ataniwia radhi. Nimeiweka mtandaoni kila mtu aisome, kwa sababu na wewe hukutusengenya pembeni. Ulitusema mbele ya nchi nzima.

Nimemaliza kitabu chako. Nimekisoma mara mbili, mara ya kwanza kama dada yako, mara ya pili kama mwalimu wa Kiswahili, na mara zote mbili nilitamani kukutafuta nikuzabe kofi.

Unakumbuka ulivyokuja? Umetoka Njombe na begi moja na koti zito, jasho linakutiririka, na koti hulivui. Mama akakwambia, "Vua mwanangu, hapa Chang'ombe baridi tunaisikiaga redioni tu." Ukacheka. Tangu siku ile hukuwahi kununua sufuria. Sahani yako ilikuwa inafunikwa mezani, na ukichelewa kurudi kutoka chuoni Mama anagomba utafikiri kakuzaa yeye. Mie nilikuwa kidato cha pili. Ulikuwa unanisaidia insha zangu pale uani, umekalia ndoo iliyopinduliwa, na wewe ndiye uliyenifundisha neno mandhari. "Zuhura, mandhari siyo mapambo," ulisema. "Mahali ndipo panapomfanya mtu awe alivyo." Nikalishika. Leo nawafundisha watoto wa watu maneno yako yaleyale, ndiyo maana kitabu chako kimeniuma kuliko kilivyowauma wengine.

Na Alhamisi unazikumbuka. Jua likikaribia kuzama Mama anawasha makaa kwenye chetezo, anatia ubani na udi, anapita mlango hadi mlango. Hapitishi moshi kwa mtu bila kupiga hodi. Kwako wewe Mkristo aliuliza kabisa, "Nipitishe, au kwenu mnakatazwa?" Ukataka kujua ni wa nini. Akakueleza, mie nimesimama hapohapo: "Nyumba inukie, mwanangu, na dua ya wenye nyumba iwafikie na wapangaji." Ukasema pitisha, Mama. Kuna wiki aliumwa, na wewe ndiye uliyekuja dirishani kwetu kuuliza mbona leo hatufukizwi.

Haya, sasa tukija kitabuni. Mwenye nyumba ni bibi mwenye baka jeusi kidevuni, anazunguka na moshi kila Alhamisi, ananuiza majina ya wapangaji wake ili wasifanikiwe na wasihame. We Elia! Baka la Mama hilo. Mlango wetu wa kijani huo. Bomba letu hilo na kufuli lake. Hata mtaa umeutaja. Halafu ukaulizwa redioni, ukajibu kwa sauti laini eti hiyo ni fasihi, ni ubunifu. Ubunifu gani huo, kaka, ulioshindwa hata kulihamisha baka kutoka kidevuni kulipeleka shavuni?

Sisemi Chang'ombe ni peponi. Masika choo kilikuwa kinatapika, kweli. Bombani tulikuwa tunatukanana, kweli, na mie nilikuwa kinara. Moshi wa viwanda tumeuvuta sana. Ungeandika hayo ningekupigia makofi. Lakini umempa shujaa wako dirisha la kutazamia jalala, wakati chumba chako upande ule hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na ukuta wa jirani, yule mzee aliyekuwa anasoma kurasa za mpira kwa sauti kila asubuhi mpaka ukawa unamjibu kupitia ukutani. Yeye hukumuandika. Ungemuandika, msomaji angejiuliza mbona watu wa huko wanacheka. Shujaa wako anatakiwa apande mpaka Mbezi Beach kwa matajiri, basi ikabidi sie tuwe shimo ili kupanda kwake kuonekane. Na akishafika huko, mkewe anamuwashia udi sebuleni, na wewe unaandika kwamba ilikuwa harufu ya amani. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!

Sasa nikwambie kilichotokea, maana najua hukujua, na kama ulijua Mungu anakuona.

Mama alisikia umeuandika mtaa wetu, akakinunua kitabu, lakini hakukisoma kwanza. Macho yake yana mtoto wa jicho, na mie nilikuwa Dodoma kusahihisha mitihani, kwa hiyo alikuwa ananisubiri nirudi nimsomee. Akakiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, picha yako ya jaladani ikitazama mlangoni. Kisha akaona ni uchoyo kukaa nacho peke yake. Akawaazima wazazi wa watoto anaowafundisha Kurani pale barazani. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake. "Someni, mwanangu katutia kitabuni." Kikatembea nyumba kwa nyumba, na kila anayekirudisha hakai kunywa chai.

Watoto wakaanza kupungua barazani. Mmoja kahamishiwa madrasa ya Tandika. Wengine eti wakaumwa matumbo, wote kwa pamoja. Niliporudi, Mama aliniuliza, "Zuhura, watu nimewakosea nini?" Nikakishusha kitabu kabatini nikamsomea, sikuruka neno. Hakulia. Alisema tu nikitoe chetezo pale sebuleni, nikakiweke mahali watu wasikione. Mwanamke aliyefundisha mtaa mzima tangu mie sijazaliwa, anaogopa moshi wa nyumba yake mwenyewe! Hapo ndipo nilipoapa, Elia. Niliapa kwa jina la Mungu kwamba utalipa.

Nikawaza nikufanyeje. Mahakamani utanizungusha kwa hicho Kiswahili chako kizuri. Kukutukana mitandaoni kutakuuzia kitabu. Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke, lakini hawakusema aliyepigwa teke afanye nini. Ndipo nikamkumbuka mtu.

Unakumbuka mara ya kwanza mama yako alipokuja Dar? Ulimwambia umesafiri kwenda Morogoro. Ulikuwa Sinza kwa rafiki yako, umejificha, asije akaona unapoishi. Mama yangu ndiye aliyekwenda Ubungo kumpokea, wakarudi na gunia la viazi wakiwa wameshakuwa mashoga. Mama Elia alilala kitanda kimoja na Mama. Alhamisi ilipofika hakuulizwa, alisimama mwenyewe akanyoosha kitenge chake kipitishiwe ubani, akasema kinukie mpaka Njombe. Tangu siku hiyo wanaitana dada. Wewe ulirudi akiwa ameshaondoka, ukala viazi.

Basi nikampigia. Nikamsomea kitabu chako kwenye simu, kila alasiri sura moja, yeye huku anapukuchua maharage. Sura zikaisha. Akauliza, "Na mimi mwanangu amenitia humo?" Maana sura ya kwanza nilikuwa nimeiruka makusudi, nilimuonea huruma. Ikabidi nimwambie. Shujaa hana mama. Mama yake alikufa kijijini, ukurasa wa kwanza, hata jina hukumpa. Nikamsikia akiyasukuma maharage pembeni. Kisha akasema, "Basi nakuja."

Yupo hapa, kaka. Ana wiki sasa, na analala chumba chako cha uani. Amenikataza nisikupigie simu, barua hakuikataza. Kila alasiri anakaa barazani bega kwa bega na Mama, na mzazi yeyote akipita anamwita kwa lafudhi yenu ile ya Njombe, polepole, asikie vizuri: "Mimi ndiye mama yake yule mwandishi. Mwanangu amesema uongo." Watu wanasimama. Wengine wanaona haya, wanaomba maji ya kunywa wapate la kusema. Watoto wanaanza kurudi, na Alhamisi iliyopita Mama Elia ndiye aliyewasha makaa, Mama yangu akatoa udi aliokuwa ameuficha.

Naona raha? Naona, sikufichi. Nalala usingizi mtamu.

Nimesikia Jumamosi unaleta watu wa televisheni kuwaonyesha nyumba yenyewe ya hadithi. Njoo. Usipokuja, Jumapili tunakufuata huko Mbezi Beach unakoishi sasa, wanawake wa mtaa mzima na kanga zetu, na majirani zako hawatalala mchana. Mama amekusamehe, atakutandikia mkeka na kukuuliza umekula, ndivyo alivyo. Mie sijakusamehe na sina haraka ya kukusamehe. Nimeshamuuliza Mama Elia atasema nini wenye kamera wakitaka kujua yeye ni nani. Akakaza kilemba chake, akaniambia, "Nitawaambia mimi ndiye yule aliyekufa ukurasa wa kwanza."

Karibu nyumbani.

Ni mimi, dada yako uliyekula naye sahani moja,
Zuhura