Mashine Inayosema kwa Namba

Kwa Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, goti limepoa, na kile kikohozi chako cha alfajiri kimekuchoka kikaenda zake. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu sana na anauliza kama siku hizi unapika, au bado unakunywa chai na kudai umeshiba. Mimi mwili hauna neno, ila nimekukasirikia. Nimeona nikuambie mapema, usije ukafika katikati ya barua ukadhani adabu imenitoka ghafla. Ningekupigia simu, lakini wewe ukizidiwa hoja unasema mtandao mbaya, unakata.

Mjomba, Daktari amenieleza ulichomwambia. Alisema ulimpigia Jumatatu, wagonjwa wakiwa wamejaa, ukamtaka asinunue mashine ya kupima alkali kwa ajili ya lile tangi la matumbawe pale kliniki ya meno. Ulisema mashine ni za wavivu. Ulisema wewe ulilitunza tangi lile miaka kumi na minane kwa kichupa na matone, na kama mpwa wako hawezi, basi atafutwe mwingine anayeweza. Ukamalizia na methali yako ile ile, kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Wewe ndiye uliyenikabidhi kazi hii ulipostaafu, ukanishika bega mbele ya Daktari ukasema huyu ni damu yangu, na wewe tena ndiye uliyetaka ninyang'anywe. Sikutegemea hilo kutoka kwako.

Sasa nisikilize. Mashine nimeichagua, imeshafungwa ukutani na haitoki. Siandiki kuomba ruhusa. Naandika ili ujue nilivyoichagua na kwa nini, maana kila mtu amenihukumu kwa uvivu na hakuna aliyeniuliza sababu.

Hili la alkali wewe unalijua kuliko mimi. Tumbawe hujenga mfupa wake kwa alkali iliyomo majini. Ikipungua, linaacha kukua. Ikipanda na kushuka ovyo, nyama yake inachunika. Ndiyo maana ulinifundisha kupima kila siku. Unatia maji kidogo kwenye kichupa, unaweka dawa ya rangi, maji yanakuwa kijani. Kisha asidi, tone kwa tone, huku unahesabu, mpaka kijani kigeuke nyekundu. Idadi ya matone inakuambia alkali ilivyo, na hapo ndipo unapojua umwage dawa ya kuiongeza kiasi gani. Kazi nyepesi, ulisema, hata aliyelala nusu anaiweza.

Muuzaji alituletea mashine tatu. Alivaa viatu vinavyong'aa kuliko vioo vya tangi, na nilivisugua vioo siku hiyo. Ya kwanza aliitoa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ni ndogo, nzuri, haina kelele. Inapima yenyewe, kisha inawasha taa: ya kijani maana yake salama, nyekundu maana yake hatari, na kwenye simu kinatokea kitone cha rangi hiyo hiyo. Nikamwuliza kama badala ya kitone inaweza kuandika namba. Akacheka, akasema uzuri wake ndio huo, haimsumbui mtu na mahesabu. Nikamwambia airudishe kwenye boksi. Alidhani najifanya siitaki ili ashushe bei.

Ya pili inaandika namba, tena inakutumia ujumbe popote ulipo. Ila haitaki dawa nyingine ya kupimia isipokuwa ya kiwanda chake, iliyofungwa kwenye kopo lake, inayosafiri wiki nyingi kabla ya kufika. Nikamwuliza, kopo likichelewa matumbawe yafanye nini. Akasema niagize mapema. Nikamwambia mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyo wa kiwandani hata si ndugu.

Ya tatu ilikuwa chini kabisa ya begi, na hakuitoa mpaka nilipoichungulia mwenyewe. Mjomba, ni mbaya wa sura. Boksi la kijivu, vipampu viwili, na kijiti cha kioo kinachoonja uchachu wa maji. Kila baada ya saa sita inavuta maji ya tangi, inayatilia asidi kidogo kidogo mpaka uchachu ufike pale unapotakiwa, kisha inaandika namba kubwa nyeusi kwenye kioo cheupe. Asidi yake inapatikana duka lolote la kemikali. Kijiti kinataka kusawazishwa kila mwezi na kubadilishwa kila mwaka, na ikifanya kazi inapiga kelele kama mtu anayekunywa chai ya moto. Wagonjwa wawili wameshalalamika. Wanaosubiri kung'olewa jino wana mengi ya kulalamikia kuliko hilo.

Sikuichukua kwa maneno matupu. Niliomba nikae nayo wiki nzima nikaijaribu dhidi ya matone yako. Asubuhi na jioni mimi nilihesabu, na dada wa mapokezi akatazama kichupa na kuniambia kikigeuka. Sisi tukipata digrii nane na nusu, mashine inasema nane nukta tatu. Siku ya tano tukapishana digrii nzima, nikasema sasa nimeikamata, kumbe dada alikuwa anajibu simu ya mgonjwa, tone lilipogeuza rangi hakuliona. Tukarudia. Mashine ndiyo iliyokuwa sahihi.

Hapo utauliza kwa nini nilimhitaji dada wa mapokezi kutazama kichupa wakati nina macho yangu. Uliza, Mjomba. Daktari naye aliuliza.

Aliniita chumbani kwake baada ya simu yako. Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa maboksi ya glavu, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, kile kinacholala nyuma, na taa hakuizima. Kwa hiyo nilihukumiwa nikiwa chali, mwanga usoni, miguu juu. Akasema amenivumilia kuhusu tumbawe kubwa lililokufa, lakini uvivu hatauvumilia, na kama wewe uliyenileta umenikataa, nimpe sababu moja ya kunibakiza. Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri tu. Nikaangalia ile taa, nikachoka. Nikamwambia sioni kijani na nyekundu. Naona vyote kama matope ya aina moja. Sijawahi kuviona, tangu nizaliwe.

 Akaniuliza, kama ni hivyo, nilichaguaje rangi ya ule ukuta wa nyuma ya tangi alioniachia niupake mwenyewe. Nikasema nilisoma jina kwenye kopo, na jina lilikuwa zuri. Akasema sasa ameuelewa ule ukuta. Alicheka, lakini hakuacha kukasirika. Aliniambia miaka minne ya kumficha ilikuwa ni kumdharau. Siku ile ile akaidhinisha mashine ya kijivu.

Kwa miaka hiyo minne ni dada wa mapokezi aliyekuwa macho yangu, naye hakujua. Nilijifanya namfundisha kupima. Kila asubuhi nahesabu, yeye anasema kimegeuka, mimi naandika. Alipokwenda likizo ya uzazi nilibaki peke yangu na kichupa. Ningeweza kumwomba mtu mwingine. Ningeweza kusema ukweli. Niliona aibu, nikawa nakisia. Nilikuwa nazidisha matone, nikaamini alkali iko juu, nikapunguza dawa siku hadi siku huku maji yanafilisika. Lile tumbawe kubwa la katikati, ulilolipanda wewe likiwa sawa na kidole, lilianza kuchunika kutoka chini. Ndani ya siku tisa mfupa mweupe ulikuwa umefika juu. Weupe nauona vizuri.

Nilikuambia pampu iliharibika. Pampu haikuharibika, Mjomba. Nililiua mimi, kisha nikakudanganya, nawe ukatoa pole. Nimekuomba msamaha moyoni mara nyingi, leo nakuomba kwa maandishi. Ila nakuomba msamaha wa uongo na wa tumbawe. Wa macho siombi, maana macho sikujipa.

Baada ya hapo nilikwenda kwa daktari wa macho. Alinifungulia kitabu kilichojaa vitone akaniuliza naona namba gani ndani yake. Sikuona namba yoyote. Akasema jambo hili haliambukizi wala halitibiki, mtoto wa kiume hulichukua kwa mama yake, na mama mwenyewe aweza kuona vizuri maisha yake yote. Akaniambia nikitaka kujua lilikotoka, nitazame ndugu wa kiume wa mama.

Mama ana ndugu mmoja tu wa kiume.

Nilimwuliza akiwa anakunja nguo. Alikunja shuka moja mara tatu. Kisha akanieleza kuhusu ule ufundi umeme uliouacha ujanani baada ya wiki tatu, ukasema msimamizi ni mwizi. Akasema msimamizi hakuwa mwizi, ila ulikuwa umeunganisha nyaya za rangi tofauti, na kidogo nyumba ya watu iungue. Akaniomba niishie hapo, kwa sababu aibu ya mtu mzima haifunuliwi na mpwa wake. Mama namheshimu, lakini katika hili nimemkatalia. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chetu tumeshakilia.

Ndipo nilipomkumbuka marehemu mkeo, Bi Kofia wetu, na zile kofia za watoto alizokuwa akizifuma. Kila nilipokuja kwenu alikuwa kwenye stuli pembeni ya tangi lako la nyumbani. Uzi mkononi, kichwa chini. Wewe ukianza kuhesabu matone, yeye anainua uso. Unahesabu, unahesabu, yeye anasema basi, nawe unaandika. Siku zako za kliniki pia alikuja, akakuletea chakula saa ile ile ya kupima, na Daktari alikuwa akiwatania kwamba hamwezi kuachana nusu siku. Sisi tuliyaita mapenzi. Yalikuwa mapenzi, sibadilishi neno hilo.

Alipofariki, tangi lako lilikufa ndani ya miezi minne. Majirani walisema msiba umeingia hadi majini, matumbawe yamekufa kwa huzuni, nawe uliitikia kwa kichwa. Kisha ukastaafu ghafla, kabla la kliniki halijafuata, ukanipa mimi kazi, ukasema mikono imechoka. Nilikuamini. Leo tangi lile ni kavu, umejaza magazeti ndani.

Mjomba, hayakufa kwa huzuni. Yalikufa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema basi. Ulikaa peke yako na kichupa kama nilivyokaa mimi, ukakisia kama nilivyokisia, ukaona weupe unapanda. Hukuzembea. Na ulipompigia Daktari kumwambia mashine ni za wavivu, naamini ulichoogopa si uvivu wangu. Uliogopa kwamba nikisema sababu yangu, mtu ataanza kuhesabu nyuma mpaka afike kwako. Basi jua kwamba Daktari nimemwambia yangu tu. Yako sijaigusa, wala sitaigusa. Hiyo utaisema mwenyewe ukitaka, na usipotaka utazikwa nayo. Lakini baina yetu wawili mchezo umekwisha. Sitakubali tena uniite mvivu kwa kitu ambacho wewe na mimi tunakijua.

Na kuna jambo nimelifanya bila kukuuliza. Kabla lile tumbawe kubwa halijamalizika, nilikata ncha tano zilizokuwa bado hai nikazibandika kwenye mawe. Zote zimeshika. Sasa kila moja ni ndefu kama kidole gumba na zinakula vizuri. Daktari amenipa tatu. Muuzaji naye alikuwa na mashine nyingine ya kijivu, imerudishwa na mteja kwa kuwa haipendezi sebuleni. Nimeichukua. Jumamosi ijayo naja kwako navyo vyote, na chumvi ya bahari ya kutosha. Toa magazeti kwenye tangi, uvitazame vioo kama havijapasuka. Usipofungua mlango, ufunguo wa akiba anao Mama, na ameshanipa, ingawa alinuna.

Najua utasema umezeeka kwa mambo haya. Kusoma namba hujazeeka. Ile mashine haitakuuliza rangi hata siku moja, na hakuna atakayehitaji kukaa kwenye stuli. Kama utataka kunifukuza, nifukuze nikishamaliza kuunganisha mabomba.

Nisalimie jirani yako wa mbele na watoto wake. Mama anasema ule. Dada wa mapokezi, ambaye sasa anajua yote na amenisuta vya kutosha, anakutakia heri, na mwanawe ameanza kutambaa. Baki salama mpaka tuonane.

Ni mimi mpwa wako,
mwenye macho yako.