Kikapu Kwenye Mteremko

Jumapili, 8 Julai 1956

Misa imekwisha saa nne, nyumbani tumefika saa nane. Kosa si langu! Mjadala ulianza mlangoni mwa kanisa ukaenda kuishia kwa Mama Béata, pale anapouza kasiksi, pombe yake ya ndizi. Na jambo lenyewe ni kubwa: Théogène, kapteni wetu, pivo wetu, amemaliza masomo. Ametumwa Kibua kufundisha. Timu ya basketi ya kolegi imebaki bila mtu wa kati, na Septemba tunacheza tena na wale wa Walikale, waliotucheka mwaka jana mpaka tukakosa pa kuweka macho.

Nani atachukua nafasi yake? Théophile, dereva wa kamyo ya maharagwe, anamtaka Kanyamibwa, kijana wa Kashebere. Mama Béata anataka wafupi watano wenye mbio, basi, habari ya pivo iishe. Jean-Marie, mume wangu, ni mwalimu, kwa hiyo alianza na historia ya basketi. Mimi nikasema kwa sauti, mbele ya wote: ni Evode.

Kicheko! Evode, mdogo wangu, amekaa benchi mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kushika makoti ya wenzake. Ni kweli, sikatai. Lakini ni mrefu kuliko wote, ana miaka kumi na tisa na bado anakua. Mama yetu alipokufa mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Namjua huyu. Nampenda pia, basi, naandika wazi.

Baba alikuwapo na kibuyu chake. Tulipokuwa tunapanda mlima ndipo akasema: mwaka mmoja tena wa benchi, anamtoa. Si shuleni — kwenye mpira. Likizo atalima kama watoto wa watu. “Mi siko nalisha muntu ya kushika makoti ya batu,” akasema.

Ana likizo yote mbele yake. Tutaona.

Jumanne, 10 Julai

Tumeweka kikapu! Ni kile cha zamani cha viazi, tumekikata kitako, tukakifunga kwenye mkaratusi ulio juu ya nyumba ya Baba. Jean-Marie alichukua futi yangu ya kushonea akapima kutoka shina la mti: mita tatu na sentimita tano, kama sheria inavyotaka. Akafuta miwani, akapima tena. Mwalimu ni mwalimu.

Mpira tumefunga wa magome ya mgomba na kamba. Haudundi hata kidogo. Ukikosa kikapu unateremka mpaka mtoni, na Evode nyuma yake. Mpira wa kweli uko kabatini kwa Mon Père, padri wa kolegi, na hauazimwi hata kwa machozi.

Evode anasema, “Dada, utaniua.” Nikamwambia kufa baada ya Septemba.

Jumamosi, 21 Julai

Siku nzima tumepiga maharagwe kwenye imbuga ya Baba. Mikono yangu imevimba, mgongo hausemeki, lakini mavuno ni mazuri — mazuri kweli.

Hii imbuga ndiyo mahali pekee tambarare katika mlima wetu wote. Baba alianza kuichimba kwa jembe mwaka alipomwoa Mama, ili apate pa kupigia maharagwe yake yasikimbie bondeni. Mama akaisiliba kwa samadi ya ng'ombe mpaka ikawa ngumu na laini. Sasa naisiliba mimi kila mavuno. Kuku akipita juu yake Baba anarusha kiatu. Mimi mwenyewe nimewahi kukikwepa.

Jioni walipanda kututembelea Théophile na Mama Béata. Tukakaa kwenye nyasi, upande wa juu wa mkaratusi, kama watu waliolipa kiingilio. Evode anasimama chini, anatupa. Ndani. Anatupa. Ndani! Mjadala ukawaka palepale. Théophile anasema miguu yake mizito. Mama Béata anasema miguu haina kosa, tumbo ndilo tupu: “Mama Anne, unipatie ule mutoto poshó moja tu, siku saba, namulisha maharagi na maziwa, utaona!” Mama Anne ni mimi, kwa jina la binti yangu. Nikamwambia kwetu maharagi hayajapungua, asante.

Baba alipita na mzigo wa kuni. Hakugeuza hata shingo.

Alhamisi, 2 Agosti

Leo Evode hakukosa. Hata mara moja, mpaka giza likaingia! Théophile aliangalia yote na akateremka bila neno. Théophile bila neno! Nimekula vizuri.

Jumatano, 15 Agosti

Siku ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya Misa Mon Père Lambert alifungua kabati, akatoa mpira wa kweli, akasema wavulana wajaribu kidogo kwenye uwanja wa kolegi. Watu wote wa misa wakabaki, hata wazee. Mimi nilikuwa nimeshamwambia kila mtu. Kila mtu! Hata mama anayeuza chumvi.

Evode akashika mpira. Akaruka vizuri, mkono vizuri. Mpira ukapita juu ya kikapu, ukapita juu ya ubao, ukaanguka kwenye kabichi za mapadri. Akaletewa tena. Kabichi tena. Wa tatu sikuutazama, niliusikia. Mon Père alisema kwa upole kwamba nguvu anazo.

Kanyamibwa wa Kashebere akatupa baada yake, taratibu kama mtu anayeweka yai kikapuni. Théophile hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Alinipatia tu njugu.

Evode alipanda mlima mbele yetu peke yake. Baba njia nzima aliongea habari ya jembe jipya. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimejua! Nimejua, na nina hasira, na ninacheka.

Nilipanda kumfungua mbuzi. Nikapita pale Evode anaposimama siku zote, visigino vyake vimechimba udongo. Nikasimama hapohapo, nikautazama mkaratusi. Mizizi yake iko usawa wa kifua changu! Ile mita tatu na sentimita tano ni ya mtu aliyesimama kwenye shina. Evode alikuwa chini ya mteremko, anatupa juu. Mwezi mzima amejifunza kikapu kirefu kuliko vikapu vyote vya dunia, na amekijua vizuri kabisa.

Nilimwita Jean-Marie. Akasimama nilipokuwa nimesimama. Akatazama. Akafuta miwani. “Aa,” akasema.

Aa! Mwalimu wa hesabu!

Lakini nani wa kumcheka mwenziwe? Wote tulikaa pale, jioni kwa jioni, na hakuna aliyeona. Tumezaliwa milimani. Tunalima tumeinama upande, sufuria tunaiwekea jiwe chini ya mguu mmoja, hata kitanda changu kinanipeleka ukutani. Nani angefikiri kuuliza kama ardhi iko sawa?

Evode nilipomwonyesha alikaa chini akacheka mpaka machozi. Nilifurahi kumwona hivyo. Tulijaribu asimame kando ya mti badala ya chini yake: mguu mmoja juu, mwingine bondeni, akaruka, akaanguka kwenye viazi. Hapana. Anahitaji mahali tambarare. Na mahali tambarare tunapajua wote, na wote tukageuka kutazama imbuga.

Jumapili, 19 Agosti

Nimemwomba Baba imbuga. Nilingoja ashibe kwanza. Nikasema: Papa, maharagwe yamekwisha kuingia ghalani, imbuga iko bure mpaka Januari, Evode atacheza bila viatu, na mimi nitaisiliba upya mwenyewe.

Aliosha mikono taratibu. Halafu: “Ile iko kiwanja ya mama yenu.”

Si kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejibu, majibu sikosi. Akaongeza kwamba Mama alikuwa akiipangusa kwa mkono wake, si kwa ufagio, na kwamba watu hawaruki-ruki pale. Akatoka kuangalia ng'ombe, ambao walikuwa wamelala.

Jean-Marie alitaka kumfuata na kumweleza umuhimu wa michezo kwa vijana. Nilimkanyaga mguu.

Kwa Mama Béata leo wamekwisha kupanga watano wao: Kanyamibwa pivo, Evode hata jina halikutajwa. Mama Béata peke yake ndiye aliyeniuliza, “Na wetu?” Nimesikitika kwa Evode, na kwa Baba pia. Ningekuwa mimi, sijui kama ningekubali.

Jumatano, 22 Agosti

Asubuhi nimeamshwa na Anne: Babu anachimba!

Nikashuka mbio na kitenge kimefungwa ovyo. Baba alikuwa ukingoni mwa imbuga, anachimba shimo la mti. Ameukata mkaratusi mwembamba, ameumenya, amekiteremsha kile kikapu mwenyewe. Sijui aliamka saa ngapi.

Nikasimama kando ya lundo la udongo. Yeye ndiye aliyesema, bila kunitazama: “Ku pembeni, njo muzuri. Na kuku hapana.”

Jean-Marie akaja na futi. Safari hii Baba alimwamuru kupima pale mchezaji atakaposimama, si kwenye mti. Jean-Marie akapima, akaona aibu, akapima tena.

Evode alivua viatu, akaenda kuvipanga mbali. Kabla ya kukanyaga imbuga aliinama akaipangusa kwa mkono. Sikumfundisha. Baba aliona. Akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Nimefurahi leo. Sana!

Jumamosi, 1 Septemba

Tumepata balaa jipya, jina lake Baba.

Mwanzo alipita tu na kuni. Halafu alipita bila kuni. Sasa ana kigoda chake ukingoni na anatoa maoni. Evode mipira ya kwanza yote ilianguka mbele ya kikapu, mifupi, mkono uliogopa. Siku ya nne ikaanza kuingia. Baba anasema kosa halikuwa mkono, ni magoti: “Kunja! Kama unabeba mufuko ya maharagi! Muntu habebake na mikono!” Na Evode akikunja, inaingia. Wivu umenishika kidogo. Mimi nimesema magoti tangu Julai.

Na lile gome la mgomba, kwa vile halidundi, limemfundisha jambo jingine. Hana njia ya kukimbia nalo, basi akilipata tu anampa mwenzake. Wakicheza watatu, yeye, Jean-Marie na Théophile, huoni mpira uko kwa nani! Théophile ametoka jasho, akakiri kwa mdomo wake: “Ule mutoto anaona batu.” Nilimwomba arudie. Alikataa.

Jioni kwa Mama Béata Baba alisema mbele ya wote kwamba Kanyamibwa ni mzuri lakini acheze nyuma, pivo awe Evode. Mwaka huu wote hakuwahi kutamka neno pivo! Mama Béata akamwongezea kasiksi bure.

Keshokutwa kolegi inafunguliwa. Evode amefunga sanduku lake. Imbuga ina nyufa mbili tu, nitazisiliba.

Jumapili, 16 Septemba

Kashebere. Naandika daftari likiwa gotini, wakati wa mapumziko, kalamu ya Jean-Marie.

Tumekuja na kamyo ya Théophile, juu ya mifuko, tukiimba. Uwanja uko kando ya barabara, tambarare — nimeukagua kwa macho kabla ya kushuka. Watu wa Walikale ni wengi na wana ngoma. Akina mama wa soko wameacha mihogo yao peke yake.

Mon Père akasoma watano. Kanyamibwa, pivo. Nikangoja. Akafika wa tano. Si Evode.

Yuko benchi. Makoti magotini. Amenitafuta kwa macho, akainua mabega kidogo, akatabasamu, na mimi nikamtabasamia. Sikuweza kumgeukia Baba. Nilikumbuka njia ya mlimani, na kiapo chake.

Tumecheza vizuri, lazima niseme. Kanyamibwa ni mzuri, Mungu anisamehe, nimempigia makofi. Lakini anadundisha, anadundisha, mpaka wale wa Walikale wanamzunguka watatu. Wanatuongoza, si kwa mengi.

Sasa hivi Baba anagombana na Théophile. Nilidhani ni habari ya kumtoa Evode kwenye mpira. Kumbe ni timu ya mwaka ujao! Théophile anasema Evode hajaiva. Baba anasema kwani nani alisema ameiva? Nikashindwa kujizuia: Papa, ulisema mwaka mmoja tena wa benchi, basi.

Akaniangalia kana kwamba nimezungumza Kizungu.

“Mwaka mumoja? Ile imbuga, mi niliichimba myaka mbili. Mama yako alipigaka maharagi yake ku mukeka, alingoja.” Akamgeukia Théophile: “Kiangazi yenye kuya nitaipanua. Nitakata ku shamba kidogo, upande ya juu. Batoto kumi banaweza kucheza.”

Shamba lake la maharagwe! Ambalo hata mpaka wake na jirani anaupima kwa unyayo!

Nimemshika mkono. Ameniacha niushike, macho yake yako uwanjani. Ananiambia nisiandike-andike, niangalie. Kipenga kimelia. Kanyamibwa anachechemea kidogo. Mon Père amekwenda benchi, anainama, anaongea na mtu. Evode anatafuta pa kuyaweka makoti —