Mpiganaji Mwenye Unyoya Mmoja

Mangobo, Kisangani

Yaya Isaïe, kaka yangu,

Sanduku limefika salama. Watoto wanakusalimu. Mvua ni ya kila siku, na rangi haikauki.

Bon. Umenirudishia wapiganaji wa Kilakota, wale Wahindi wa Amerika, visanamu vidogo kama kidole, eti mteja wako huko Liège anataka wote wawe na sura kali. Kwani Walakota hawakuwa watu? Hakuna aliyesikia baridi, hakuna aliyemuwaza mke wake? Nilimpa kila mmoja uso wake kwa brashi nyembamba kama kope, na wewe unataka wote wakenue meno! Haya, nitawapaka upya, ni kazi.

Lakini huyu mwenye unyoya mmoja, uliyeandika juu yake "mzee amechoka, mfute uso," simgusi. Hilo kovu juu ya jicho hulijui? Ni jiwe la manati yako lililomchana. Kwenye matanga yake hukuja, nikanyamaza. Leo unamshika papa aliyetuzaa mkononi na kusema afutwe!

Namrudisha kwako alivyo. Mwambie mwenyewe kwamba hafai.

Mdogo wako,
Gracia