Gunia la Kwanza

Jumanne, 10 Julai 1984

Mkwaruzo wa gunia kwenye changarawe. Nimeosha soksi, nimechemsha maharage, bado nausikia.

Mama Nzowa wa kijiji cha Ruanda alileta magunia tisa ya kahawa hapa Mlowo, kituo cha kupokelea kahawa. Kompyuta ikapitisha moja, ikakataa manane: unyevu umezidi. Wapakiaji wakacheka. "Mama, kahawa umeibatiza?" Yaani ameinyunyizia maji iwe nzito. Aliyaburuta nje mwenyewe, moja moja.

Programu niliandika mimi.

Jumatano, 11 Julai

Magunia kumi na manne ya mkulima mwingine yamepita yote. Nilitia mkono katika moja. Punje laini, harufu ya ukungu. Karatasi ya kompyuta inasema safi. Nimenawa mara mbili, harufu iko palepale.

Alhamisi, 12 Julai

Nimeliona kosa. Natamani ningekuwa sijaliona.

Programu inapokea jina la mkulima, kisha kikomo cha unyevu, kisha vipimo vya magunia, yawe mawili au hamsini. Jumatatu nilikifanya kikomo kiwe cha hiari. Karani asipokiandika, itumike asilimia kumi na mbili. Nilijisifu. Nilimwambia karani asihangaike tena kukiandika.

Lakini nimekiweka mbele ya orodha isiyo na idadi maalumu. Karani akikiruka, kompyuta haijui kwamba ameruka. Inachukua namba ya kwanza inayoikuta, kipimo cha gunia la kwanza, na kukifanya kikomo; gunia lenyewe halipimwi, linahesabiwa limepita kwa kuwa halikukataliwa.

Na watu wa Ruanda hutanguliza gunia lililo bora kuliko yote. Ndiyo heshima yao. La Mama Nzowa lilikuwa kumi. Manane yaliyofuata, kumi na moja. Yote makavu. Yote yakakataliwa kwa sababu la kwanza lilikuwa kavu zaidi. Yule mwingine alitanguliza bichi la kumi na sita, na kila uchafu ukapita nyuma yake.

Karani alizisoma kumi na moja zile kwa macho yake. Akaamini karatasi. Ananichukiza. Mimi najichukiza zaidi.

Ijumaa, 13 Julai

Nimerekebisha. Sasa kikomo lazima kiitwe kwa jina lake. Namba isiyo na jina ni gunia, basi. Nimejaribu na magunia mawili, tisa, arobaini. Nikitaja kikomo, nisipokitaja. Yote sawa. Kazi ya nusu saa.

Nikampelekea Meneja wa kituo karatasi mbili za Mama Nzowa, ya zamani na mpya. Alikuwa anakula kuku. Alisikiliza, akaelewa, akajifuta vidole kwa ile ya zamani, akaitupa. Wafadhili wanakuja Jumatatu kuiona kompyuta yao. "Kompyuta haikosei, dada. Umerekebisha, yameisha." Nikamuuliza: na mkutano wa kijiji cha Mama Nzowa kesho? Watamzuia asilete kahawa tena. "Mjane mmoja tu huyo. Ukilifungua domo lako huko, usirudi hapa."

Nimeitoa ile karatasi kwenye kapu la taka. Ina mafuta. Namba zinasomeka.

Jumamosi, 14 Julai

Ruanda, kwa miguu kutoka barabara kuu. Vumbi hadi magotini.

Nilisimama kabla mwenyekiti wa kijiji hajamaliza kusoma shauri la Mama Nzowa. Niliinua karatasi yenye mafuta, nikasoma vipimo tisa kwa sauti. Nikasema maji hayakuwepo, kosa ni langu. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo angetanguliza bovu, angepita?" Nikasema ndiyo. Hakuna aliyecheka. Shauri likafutwa.

Baadaye nilimwendea Mama Nzowa. Shikamoo yangu aliiacha ining'inie kidogo kabla ya kuitikia. "Siku nne, mwanangu, kisimani wananipisha kama mwenye ukoma." Hakusema amenisamehe. Alinipa kiazi cha kuchoma, tukala. Magunia yake yamepangwa ukutani. Lile bora bado liko mbele.

Ufunguo wa chumba cha kompyuta niliuacha mezani kwa Meneja alfajiri, kabla ya kuondoka.