Ampli ya Watt Tano

Kazi tatu, 5 Agosti 1992

Ampli yangu ilikufa. Hata kufa yenyewe haikufa vizuri. Katikati ya wimbo, ku bar ya Kikula, ilitoa harufu ya mupira ya kuungua, njo kunyamaza. Bantu balicheka. Mwenye bar anasema nipige gitari bila ampli, sawa ku kanisa. Mupumbafu ile!

Ilikuwa ya transistor, na ubaya yake niliijua. Courant ya umeme ikishuka, inaanza kukoroma. Na hapa kwetu courant inashukaka kila mangaribi, juu nyumba zote za avenue zinawasha réchaud ya umeme pamoja, saa ya kupika bukari, ugali yetu. Ampoule, taa ya salon, inakuwa nyekundu sawa kaa ya makala. Clotilde anacheka, anasema tutazoea kutafuta mudomo na vidole.

Nataka ampli ya lampe, zile chupa ndogo za kioo zenye kuwaka ndani. Si kubwa. Nataka ile sauti iko mu zile disques, sahani za muziki, za Bamerikani beusi, zenye muzungu wa kampuni aliachia papa yangu, wakati papa alikuwa mupishi yake. Blues. Gitari inapasuka kidogo, sawa muntu anataka kulia lakini anajizuia mbele ya bageni. Ku transistor haupati ile. Nilijaribu mpaka nilichoka.

Feza sina. Nitachagua na masikio.


Posho, 8 Agosti

Posho! Jina tu. Zamani, kisha kazi tano za juma, siku hii kampuni ilikuwa inagawa bunga na samaki, njo maana tunaiita posho. Bunga ilikwisha, jina ilibakia.

Nilienda kwa mukwe yangu, Papa Athanase, baba ya Clotilde. Fundi wa radio. Kabila yake ya Kasai, lakini alizaliwa hapa Likasi, na baba yake alizikwa hapa. Lampe anazipendaka kuliko bantu — naandika hivi kwa heshima yote.

Shida ni buko. Mukwe, hapana kumuangalia mu macho. Hapana kula mbele yake, na yeye hapana kula mbele yako. Mama Berthe, mama mukwe, njo zaidi: nikimuona mbali, natoka ku njia mpaka apite. Basi minye na Papa Athanase tunaongeaka lampe tu. Tangu ndoa, lampe. Juu ya mutoto, hapana. Juu ya ile banaimba sasa mu mikutano, asema bantu ya Kasai ni bilulu, wadudu, barudi kwao — hapana. Lampe.

Aliniuliza nataka watt ngapi. Nikasema hamsini. Akaangalia meza yake, akapuliza vumbi ku fer à souder, chuma yake ya kuunganisha waya.

“Hamsini itasikilika mpaka Kambove, lakini haitalia hata siku moya. Ampli kubwa haichoki. Weye unatafuta yenye kuchoka. Watt tano, mutoto yangu.”

Watt tano! Nilikasirika kidogo. Nilifikiri ananizarau.

Akanitajia zenye anajua mu muji. Iko transistor mpya ya Zéphirin, muchuuzi wa Kikula, watt mia, bei ya kuuzisha nyumba. Iko radio kubwa ya lampe ya mujane mumoya wa Panda, unaingiza gitari nyuma, pale pa tourne-disque, ya kuzungusha disques. Sauti nzuri lakini ya usingizi. Na ku parokia kuko machine ya sinema yenye kuvunjika. Boîte yake, sanduku ya sauti, iko muzima. Lampe ine tu.

Sinema! Nilitoka pale bila kuaga vizuri.


Siku ya Mungu, 16 Agosti

Kisha misa padri alinipa machine ya sinema, bure, apate nafasi mu dépôt. Anasema filamu ataonesha ya nini tena, bantu banaonaka ya kutosha mu njia.

Nilibeba boîte ku kichwa mpaka kwa Papa Athanase. Aliifungua pole pole, sawa muntu anafunua mugonjwa. Ndani mulikuwa mende na buibui. Akasema: “Iko mugumu.” Kwake ile ni sifa kubwa.


Kazi ine, 20 Agosti

Ee Mungu yangu. Niko nayo! Niko nayo mu nyumba!

Papa Athanase mwenyewe aliileta ku kinga, baiskeli yake. Nyuma kuko kifungo ya volt, unakigeuza: 110, 125, 145, 220. Alipima courant ya mangaribi hapa kwetu, akaweka ku 145. Asema, ukiiacha ku 220, na courant yetu hii ya njaa, lampe hazitapata moto, sauti italala. Mangaribi tu niiwashe, na siku courant itarudia nguvu hata saa ile, nirudishe ku 220 mbio, ao lampe zitaungua. Nikauliza siku gani hiyo. Akafunga kisanduku yake ya vyombo, asema, “Utaona ku ampoule.” Akaenda mbele bukari ifike ku meza, juu ya buko.

Nilingoja saa ya réchaud. Ampoule ikawa nyekundu. Nikapiga kamba moya.

Sijui kuandika ile sauti. Ilikuwa inachoka. Ilikuwa inainama kisha inasimama. Clotilde alitoka ku jiko na bunga ku mikono, akasimama ku mulango. Sephora yetu mudogo alilala chini, sikio ku boîte. Nilipiga mpaka bukari ikapoa.

Clotilde alisema: “Sasa njo nakusikia.” Tuko mu ndoa miaka saba!

Watt tano. Muzee ile alinijua kuliko minye.


Posho, 5 Septemba

Leo balipita mu avenue na fimbo na mafuta. Vijana wa ile mikutano. Bengine nilibafundisha gitari. Nyumba ya jirani wa kushoto, muntu ya Kasai, bintu yote inje, godoro inawaka. Clotilde na mutoto beko chini ya kitanda. Minye ku mulango. Siandiki zaidi.


Kazi moya, 7 Septemba

Papa Athanase na Mama Berthe beko ku gare, inje, pamoja na bantu bote ya Kasai balifukuzwa, banangoja treni ya kwenda Kasai. Kasai yenye hajaiona na macho. Atelier yake balivunja. Nilienda kuangalia: lampe chini, vioo tu, unatembea inalia chini ya kiatu.

Kabamba, jirani wa mbele, tulikua pamoja, alikuya mangaribi kuniambia kwa upole — kwa upole! — asema Clotilde atabakia juu ni bibi yangu, kwa sasa. Nikamuuliza “kwa sasa” ni nini. Asema yeye haamui, bakubwa njo banaamua. Kisha akaomba nimupigie kidogo, ile ya blues. Nilipiga. Aibu yangu, nilipiga.


Posho, 12 Septemba

Soko ya Kikula imejaa. Masufuria, picha za ndoa na bibi harusi ndani, mashine za kushona. Yote ya bale beko ku gare, bei ya bure. Zéphirin aliniita na kidole. Nyuma ya duka yake iko na ampli ya kweli ya gitari, ya lampe, watt kumi na tano, ngozi nyekundu yenye sigara iliunguza ku pembe. Ile pembe naijua. Ni ya Ambroise, tulikuwa naye mu orchestre. Zéphirin asema nipe chochote, Ambroise aliacha, hatarudia.

Niliomba kuijaribu. Njo vile, niliomba! Ilikuwa na sauti… hapana. Tuache.

Nilitoka. Sikununua. Lakini njia yote mpaka nyumba masikio yangu ilikuwa inaitaka, na bado inaitaka. Niko muntu ya namna gani?


Kazi tano, 18 Septemba

Ampli ya sinema inaharibika. Siku hizi sauti ni kali, ngumu, sawa bati. Ile kupasuka nilipenda haiko tena. Inapiga kelele tu. Lampe zinawaka sana, ukiweka mukono juu unaungua. Nafikiri Papa Athanase aliniwekea lampe za kuzeeka. Nilikasirika, nikamusema vibaya mbele ya Clotilde, muntu mwenye analala ku mawe ya gare!

Angalau ampoule ya salon inawaka vizuri. Tunaona chakula, ile kidogo iko.


Siku ya Mungu, 20 Septemba

Nilienda ku gare.

Bantu, bantu, bantu. Mashuka juu ya miti, batoto mu mavumbi, kukohoa kila upande. Na pale hakuna ukuta. Sikufikiri ile mbele. Nilizunguka wagon moya, na pale, chini, Mama Berthe amelala bila kitambaa ku kichwa, na Papa Athanase anakula bukari na mukono ku karatasi. Mukwe yangu, anakula mbele yangu. Aliniona. Alifunika karatasi na kofia yake. Nilirudi nyuma mbio sawa mwizi, nikajificha kando ya wagon, nikasimama na uso ku chuma.

Alinifuata. Tulisimama vile, yeye anaangalia reli, minye naangalia wagon. Alikonda. Sikuuliza habari ya ugonjwa, sikuuliza habari ya kulala. Nikamuambia: ampli, sauti imekuwa kali.

Hakucheka. Aliuliza ampoule yangu ya mangaribi iko rangi gani.

Nikasema nyeupe.

Kisha akaonesha na kidevu kule nyuma yetu, moshi ya mbabula, majiko ya makala, na kuni, moshi upande wote wa gare.

“Bale balikuwa banapika ku réchaud mu avenue yenu, unabaona. Beko hapa. Rudisha kifungo ku 220.”

Na minye nilikuwa nafurahi naona chakula.


Kazi mbili, 22 Septemba

Niligeuza. 220. Sauti ni safi. Sipigi tena.

Mama Berthe anaharisha, tangu juzi hawezi kusimama. Clotilde anaenda asubui, anarudia mangaribi kutupikia. Leo alisema treni itafika kazi ine, na mama yake habebeki na muntu mumoya, baba hana nguvu. Anataka nikuye kumubeba mpaka ndani ya wagon.

Nikasema namna gani nitamubeba mama mukwe, na hali ile, bila nguo vizuri. Buko inakataza. Mama yangu angefufuka kunichapa.

Clotilde aliweka sahani chini. “Kama hakuna mwengine wa kumubeba, nitapanda kumushika mpaka kule. Na Sephora nitamuacha na nani? Nimuachie weye na gitari yako?”

Nikasema atarudia namna gani kutoka Kasai. Alinawisha mutoto.

Usiku huu yeye hajalala, minye najua.


Kazi ine, 24 Septemba

Clotilde alienda asubui mapema. Bukari mu kitambaa, chupa ya maji, blanketi yetu ya ndoa. Sephora ku mugongo. Ku mulango aliniuliza tena: “Unakuya?” Nikasema nitaangalia. Akasema kama mambo itaenda vizuri atarudia kupika. Hakukasirika. Ningependa akasirike.

Kutwa nzima nilikaa. Mara mbili nilifika mpaka ku kona. Nilifikiri pale pa gare, macho yote, kumushika Mama Berthe chini ya mikono, mwili yake ku mwili yangu. Nikarudia. Muntu mukubwa, naogopa mama mugonjwa!

Saa ya bukari ilifika. Ampoule nyeupe. Niliwasha ampli, si ya kupiga. Réchaud ikiwashwa karibu, mulio ya ampli inashuka kidogo, nilijifunza ile. Réchaud yetu iko ku jiko, inje, nyuma ya nyumba. Nikasema, kama Clotilde anapita nyuma kwanza kupika, nitamusikia ku ampli mbele ya kumuona.

Mulio inashuka! Ampoule ilipunguka. Niliruka, nikaangusha kiti, nikakimbia ku jiko.

Hakuna muntu. Réchaud yetu baridi.

Moto iko kushoto, mu nyumba ya jirani, ile ya kuvunjwa. Kabamba amehamia mule. Bibi yake anapika, nasikia harufu ya samaki ya ziwa Tshangalele. Bibi ile alinisalimia ku dirisha, asema Clotilde hajarudia? Asema treni inajaa, basi.

Sasa treni imepiga filimbi. Si ya kutoka, ya kuita, nafikiri ya kuita. Kutoka hapa, mbio, nafika. Ao sifiki. Kama mama mukwe bado iko chini, nitamubeba, na macho wazi, buko itanisamehe ao isinisamehe.

Niko na kiatu moya ku muguu. Ya pili Sephora alichezea nayo, haionekani, naitafuta chini ya kitanda na naandika, sijui juu ya nini naandika. Filimbi tena. Bibi ya Kabamba amezima réchaud; ampli bado inawaka, mulio yake haishuki, na ampoule nyeupe tena, nyeupe —