Panya wa Shimo

Rafiki yangu Kitenge, nimejiaibisha!

Asubuhi nimesikia jembe, tu, tu, tu, ndani ya bustani ya mtaa. Na hapa mtaani Kasulo jembe likisikika, mtu anachimba madini ya kobalti.

Nikakimbia. Mama Mbelu wa kwaya yetu yuko shimoni, chini ya mpera ambao matunda yake tunawaachia ndege. Nikadhani naye anatafuta kobalti, nikampigia ubeti wa kejeli mbele ya majirani: "Mama wa kwaya, panya wa shimo!" Wakacheka.

Panya, Kitenge! Nimemwita panya!

Akainua mche mdogo wa mpera aliokuwa akiung'oa. "Mutoto, kesho ba kampuni ya kobalti banatufukuza hapa. Huu muti ndege ndio balipanda. Nani atababebea kule tunaenda?"

Nikakosa pa kuficha uso. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Mama, unisamehe. Mi nitaubeba, na nitaumwangia mayi mpaka uzae, ndege bakule."